Paa la gari linagoma likiwa katikati ya kujikunja, fundi anasema pampu imekufa. Nishaurini kabla sijaagiza

KitiChaNyuma
Wakuu, habari za saa hizi. Nina gari la milango miwili, lile la paa la turubai linalojikunja lenyewe ukibonyeza swichi. Nililinunua likiwa limeshatumika, na mwaka mzima paa halikunisumbua. Sasa limeanza vituko.

Nikibonyeza, vioo vinashuka kidogo kama kawaida, halafu kimya. Taa ya dashibodi inapepesa, inalia mara moja, basi. Siku nyingine linafunguka na kufunga bila shida yoyote, utadhani lilikuwa linanitania. Juzi ndiyo likanikomesha: kifuniko cha nyuma kiliinuka, paa likasimama wima kama mwavuli uliopinduliwa na upepo, halirudi wala haliendi. Nimebonyeza robo saa nzima huku wapita njia wakipiga picha. Mwisho likaanza kulegea na kushuka lenyewe pole pole, tukamalizia kwa mikono.

Fundi kaangalia dakika 5, kasema pampu ya mafuta inayosukuma paa imekufa, niagize nyingine. Fyuzi nimeikagua, ni nzima. Waliopitia haya wanisaidie.

Spana13
Swali moja tu mkuu. Likigoma, pampu unaisikia? Mtu abonyeze swichi, wewe tega sikio kwenye buti na nyuma ya viti.

MpendaUpepo
Ongeza mafuta tu, usihangaike. Langu lilikuwa hivyo hivyo, nikajazia mafuta ya breki, likaamka.

MamaRilei
@MpendaUpepo hapana, usimpoteze mwenzako. Sili (mipira ya kuzuia mafuta yasivuje) za pampu na za silinda zinazonyanyua paa zimetengenezwa kwa aina yake ya mafuta. Ukitia ya breki kwenye mfumo usio wa breki zinavimba na kulainika, kisha zinaanza kuvuja moja baada ya nyingine. Na kwenye magari mengi kuna silinda inayokaa juu ya kioo cha mbele, kwa hiyo ikivuja inakudondokea usoni. Soma kitabu cha gari, au tazama tangi la pampu, mara nyingi aina ya mafuta imeandikwa hapo hapo. Kuna yanayotumia mafuta ya giaboksi ya otomatiki, kuna yenye mafuta yake maalumu. Usikisie.

MpendaUpepo
Haya mama, nimenyamaza. Ila langu linafanya kazi hadi leo.

MamaRilei
Ngoja.

KitiChaNyuma
@Spana13 nimefanya ulivyosema. Likigoma ni kimya kabisa, hata rilei (swichi ya umeme inayowasha pampu) haigongi. Likikubali, pampu inanguruma vizuri, haikwami wala haibadilishi sauti.

Spana13
Basi fedha yako iache mfukoni kwanza. Pampu iliyokufa haifufuki Jumanne na kufa tena Alhamisi. Inawezekana brashi za mota zimeisha, hizo huleta kigeugeu, lakini hapo ungesikia rilei ikigonga kwa sababu umeme ungekuwa umeshatumwa. Kwako hata rilei haijaamka. Maana yake ni kwamba kompyuta ya paa imepokea ombi lako (ndiyo maana vioo vinashuka), halafu ikakataa kuendelea.

Inakataa kwa sababu inauliza maswali kabla ya kila hatua. Buti limefungwa? Kile kizuizi cha ndani ya buti kinachotenga mizigo na paa kimeshushwa mahali pake? Ndoano za mbele zimeachia? Kifuniko cha nyuma kimefika juu? Kila jibu linatoka kwenye kiswichi kidogo au sensa. Jibu moja likikosekana, inasimama pale pale ilipofika. Haijali kama uko mvuani.

Kwa hiyo tafuta swali lisilojibiwa. Na kama unataka kumaliza ubishi wa pampu, chomeka testa kwenye soketi ya pampu, mtu abonyeze. Umeme ukifika na mota haizunguki, fundi wako yuko sahihi. Usipofika, pampu haina kosa. Usishangae testa ikionyesha alama ya kutoa, nyingi za pampu hizi zinageuzwa mzunguko kwa kubadilishana chanya na hasi, upande mmoja kufungua, mwingine kufunga.

Tangawizi_Kali
Betri je? Paa linakula umeme mwingi. La kwangu injini ikiwa imezimwa linakataa, nikiwasha linatii.

KitiChaNyuma
Betri inasoma volti 12.5 gari likiwa limelala, na huwa nafungua injini ikiwaka. Kizuizi cha buti kipo mahali pake, nimekichomoa na kukirudisha mara tatu. Testa: likigoma, hakuna umeme unaofika kwenye pampu.

MamaRilei
Hapo sasa. Nakuuliza: kugoma kunaanza baada ya kufanya nini? Fikiria vizuri.

KitiChaNyuma
Mmh. Umenifanya nikumbuke. Likigoma, mara nyingi nimetoka kupakia au kushusha mizigo. Na kuna siku nililibamiza buti kwa hasira, likafanya kazi.

MamaRilei
Hasira imekupa jibu. Fungua buti, tazama kwenye bawaba. Kuna bomba la mpira linalobeba waya kutoka kwenye bodi kwenda kwenye kifuniko cha buti. Kila ukifungua na kufunga, zile waya zinakunjwa palepale, miaka nenda rudi, mpaka moja inakatika ndani ya ganda lake. Kwa nje inaonekana nzima. Kuna wakati ncha zinagusana, kuna wakati zinaachana. Chomoa mpira, vuta waya moja moja taratibu, iliyokatika itavutika kama mpira wa suruali.

Kama una mashine ya kusoma makosa inayoingia kwenye kompyuta ya paa, vizuri zaidi: weka ukurasa unaoonyesha hali ya viswichi, mtu atikise zile waya buti likiwa limefungwa. Ukiona "limefungwa, limefunguliwa, limefungwa", umemkamata.

Spana13
Naongeza kuhusu siku ile lilipokwama wima, maana hapo ndipo watu hukatwa vidole. Kushuka lenyewe si muujiza, magari mengi hulegeza shinikizo la mafuta baada ya dakika kadhaa. Kwa hiyo usiingize mkono kwenye mikono ya chuma eti kwa sababu limetulia. Na likikwama tena, usilisukume kwa nguvu dhidi ya pampu. Pampu nyingi zina skrubu ya kuachia shinikizo, ilegeze kiasi kitabu kinavyosema, kisha watu wawili, mmoja kila upande, mlibebe kwa pamoja. Ukivuta upande mmoja, fremu inapinda, na hapo utatamani tatizo lingekuwa pampu kweli. Ukishafunga, kaza ile skrubu. Nimeshaona mtu anabadilisha pampu inayonguruma bila kunyanyua kitu, kumbe skrubu iliachwa wazi.

MpendaUpepo
Natoka nje ya mada kidogo. Kuna alama ya unyevu kwenye zulia upande wa abiria, na nyuzi za turubai juu yake zimeloa mafuta. Hii ni ile "ngoja"?

MamaRilei
Ndiyo hiyo. Fungua mada yako, njoo tuongee. Usibonyeze tena hiyo swichi.

KitiChaNyuma
MREJESHO. Samahani kwa kimya cha siku nne.

Nimechomoa mpira wa bawaba ya kushoto. Waya mbili: moja ya kahawia imekatika kabisa, ya pili imebaki nyuzi tatu za shaba. Ya kahawia ndiyo ya kiswichi cha kitasa cha buti. Nimeunga kipande cha waya laini, nikaweka maungio mbali na pale panapokunjwa, nikalehemu, nikazungushia tepu ya kitambaa. Nimefungua na kufunga paa mara kumi, nikabamiza buti katikati kwa makusudi, halijagoma hata mara moja. Fundi nimempigia, kasema "hata hiyo nilikuwa naifikiria".

Kitu kimoja tu. Nilipoangalia tangi, mafuta yako chini kidogo ya alama ya chini.

Spana13
Hongera. Sasa mafuta hayaendi hewani, yapo mahali. Kabla ya kujazia, weka paa katika hali ambayo kitabu kinaelekeza wakati wa kupima. Kuna magari hupimwa paa likiwa wazi, mengine likiwa limefungwa, na ukikosea unajaza kupita kiasi. Kama bado yapo chini, futa silinda zote zikauke, funga karatasi nyeupe chini ya kila moja, tumia paa siku chache, kisha tazama ipi imelowa.

KitiChaNyuma
Karatasi zimeshafungwa. Nitarudi Jumapili.