Jina moja, vitu viwili: wenye bajeti ndogo tumechoka kuuziwa mbuzi kwenye gunia

Wakuu, salaam.

Nafungua uzi huu nikiwa na hasira, na sioni sababu ya kuificha. Kwa miezi tisa nimedunduliza ili nijenge kompyuta yangu ya kwanza ya kuchezea gemu, nikinunua kifaa kimoja baada ya kingine kadiri mfuko ulivyoruhusu, na kabla ya kila ununuzi nilisoma, nikauliza na kulinganisha. Sikukurupuka. Pamoja na hayo yote, kompyuta ilipokamilika haikuwaka, na ilipowaka ikawa inajizima, na kila nilipofuatilia chanzo nilikuta jambo lile lile: taarifa ambayo ingeniokoa ilikuwa kwenye kibandiko kisichoonekana hadi uwe umeshalipa, au katika jedwali ambalo hakuna muuzaji anayekuonyesha, au haikuandikwa kabisa.

Nianze na pawa saplai, yaani kifaa kinachogawa umeme wa ukutani kwa vifaa vya kompyuta, kwa sababu ndiyo iliyoniumiza zaidi. Boksi lake liliandikwa wati 600 kwa namba kubwa kuliko jina la mtengenezaji mwenyewe. Kwa hesabu yangu, prosesa (ubongo wa kompyuta) na kadi ya grafiki (inayochora picha za gemu) kwa pamoja zingehitaji kama wati 260 katika kazi nzito, hivyo niliamini nimeacha nafasi ya kutosha hata ya kuongeza kadi kubwa zaidi baadaye. Siku ya tatu ya matumizi, kila gemu ilipofika kwenye eneo lenye mambo mengi, kompyuta ilikata kana kwamba mtu amechomoa waya ukutani: hakuna ujumbe wa kosa, hakuna skrini ya bluu, ni giza tu, kisha inajiwasha upya. Niliangalia joto la prosesa, nikaangalia joto la kadi, nikafuta programu endeshi za kadi na kuziweka upya. Hakuna kilichobadilika.

Mwishowe nilifungua kasha, nikaichomoa pawa saplai na kuigeuza ili nisome kibandiko cha ubavuni, ambacho kikishafungwa ndani ya kasha hukioni tena. Laini ya volti 12, mojawapo ya njia za umeme zinazotoka kwenye kifaa hicho, ilikuwa imeandikwa amperi 25. Zidisheni wenyewe: 12 mara 25 ni wati 300. Nilichukua karatasi nikajumlisha na nyingine zote, laini ya volti 3.3 yenye amperi 20, ya volti 5 yenye amperi 20, pamoja na ile ndogo ya kusubiria yenye amperi 2, na bado jumla haikufika hata wati 480. Hizo 600 hazimo popote kwenye kibandiko cha kifaa chenyewe. Zimo kwenye boksi tu.

Na msinijibu kwamba wati 300 bado ni nyingi kuliko 260. Kompyuta za sasa huvuta karibu umeme wote wa prosesa na kadi kutoka kwenye laini hiyo ya volti 12, na kadi ya grafiki haivuti umeme kwa utulivu; kwa sehemu ndogo mno ya sekunde huweza kuruka juu sana ya wastani wake, na hapo ndipo pawa saplai dhaifu hukata. Pawa saplai ya kweli ya wati 550 mara nyingi huandikwa amperi 45 kwenye laini hiyo, yaani wati 540 kati ya 550. Hiyo ndiyo tofauti kati ya namba inayotoka kwa fundi na namba inayotoka kwa mchora boksi. Kadhalika, wanaojitetea kwa nembo ya 80 PLUS waelewe inapima nini. Inapima ufanisi, yaani sehemu ya umeme wa ukutani inayofika kwenye kompyuta badala ya kupotea kama joto, nayo hupimwa kwenye asilimia 20, 50 na 100 ya mzigo. Haisemi kama kifaa kina kinga ya kutosha dhidi ya umeme kuzidi, na haisemi kitadumu kwa muda gani. Mgeni huiona nembo akadhani ni cheti cha usalama, na muuzaji anayejua ukweli hunyamaza.

Sasa tuje kwenye kadi za grafiki, kwa sababu hapa haidanganyi kampuni ndogo isiyojulikana. Hapa ni utaratibu uliozoeleka. Mwaka 2017 ilitoka kadi iitwayo GT 1030 yenye kumbukumbu ya GDDR5, inayopitisha data gigabaiti 48 kwa sekunde. Mwaka uliofuata likatoka toleo jingine lenye kumbukumbu ya DDR4, linalopitisha gigabaiti 16.8 kwa sekunde, yaani karibu theluthi moja ya lile la kwanza, na bado likaitwa GT 1030. Kabla ya hapo, mwaka 2016, GTX 1060 ya gigabaiti 3 ilikuwa na viini 1152 vya kuchakata picha wakati ile ya gigabaiti 6 ilikuwa na 1280, ingawa kwa kusoma jina ungeamini wanatofautiana kumbukumbu peke yake. Mwaka 2024 ikaja RTX 3050 ya gigabaiti 6, yenye viini 2304 na njia ya kumbukumbu yenye upana wa biti 96, ikatumia jina la kadi ya gigabaiti 8 yenye viini 2560 na biti 128. Mtu anatazama video ya majaribio ya toleo moja, anaenda kununua kwa jina, anarudi nyumbani na toleo jingine, halafu anajilaumu kwamba amekosea kurekebisha mipangilio ya gemu.

Kinachonikera zaidi ni kwamba tunajua kabisa kuwa jina linaweza kufutwa pale watengenezaji wanapotaka. Mwaka 2022 ilitangazwa RTX 4080 katika matoleo mawili, la gigabaiti 16 na la gigabaiti 12, na lile la 12 lilikuwa na chipu ndogo zaidi. Watu walipiga kelele dunia nzima, na mwezi Oktoba, kabla halijaanza kuuzwa, jina likaondolewa. Chipu ileile ikaja kutoka Januari 2023 kwa jina la RTX 4070 Ti. Hivyo ndivyo ilivyo kwa kadi za wenye nazo. Kwa GT 1030 na RTX 3050, ambazo zinanunuliwa na mwanafunzi, na kijana anayejenga kompyuta yake ya kwanza, na mzazi anayemnunulia mtoto, hakuna jina lililoondolewa. Anayenunua kadi ya juu akipunjwa asilimia kumi bado anacheza gemu yake bila shida. Anayenunua ya chini akipunjwa kiasi hicho hicho, gemu inakuwa haichezeki.

Yapo pia mambo ambayo hata jina sahihi haliyafichui. Prosesa za Ryzen 5 5500 na Ryzen 5 5600 zilitoka mwezi mmoja, Aprili 2022, zote zikiwa na viini sita, na kwa mtazamo wa haraka tofauti yake ni kasi kidogo. Lakini 5500 ina kashe ya L3 (kumbukumbu ya haraka iliyo ndani ya prosesa) ya megabaiti 16 wakati mwenzake ana 32, na inaishia PCI Express 3.0 (toleo la njia inayounganisha prosesa na kadi) wakati mwenzake ana 4.0. Peke yake, hilo la pili si msiba. Sasa iunganishe na RX 6500 XT, kadi nyingine ya wenye bajeti ndogo, ambayo ina gigabaiti 4 za kumbukumbu na inazungumza na ubao mama (ubao unaobeba vifaa vyote) kwa njia nne tu. Kumbukumbu ya kadi ikijaa, data hukimbilia kwenye RAM (kumbukumbu ya kazi) ya kompyuta kupitia hizo njia nne, na kwenye 3.0 kila njia inabeba nusu ya kinachobebwa na 4.0. Vifaa viwili vya bei nafuu, kila kimoja kinavumilika, vikikutana vinaumizana. Ni sehemu gani ya boksi la prosesa au la kadi inayomwambia mnunuzi jambo hili?

Ubao mama nao ulinipa usiku mbili za kutolala. Muuzaji, ambaye sitamtaja, aliniambia kwamba soketi, yaani sehemu prosesa inapokaa, ni ya aina ya AM4 na prosesa ni ya AM4, kwa hiyo itaingia. Ni kweli iliingia. Nilibonyeza kitufe, feni zikazunguka, taa ya ubao ikawaka, na skrini ikabaki nyeusi. Niliichomoa RAM na kuirudisha katika kila nafasi, moja baada ya nyingine. Nilinyanyua kipoza joto, nikafuta mafuta yale ya kijivu, nikaitoa prosesa na kukagua vijipini vyake kwa tochi ya simu, safu kwa safu, mikono ikitetemeka kwa hofu kwamba nimepinda kimoja. Hakuna kilichopinda. Tatizo lilikuwa BIOS ya ubao, programu inayoiwasha kompyuta, iliyowekwa kiwandani kabla ya prosesa hiyo kuwepo. Mbao za B450, kama wangu, zilianza kuuzwa mwaka 2018. Prosesa za Ryzen za mfululizo wa 5000 zilianza mwaka 2020. Ubao uliokaa stoo tangu mwanzo hauzitambui hadi BIOS isasishwe, na ili kuisasisha unahitaji prosesa ya zamani inayowaka kwenye ubao huo, isipokuwa kama una kitufe maalumu cha kuisasisha kwa kutumia flashi bila prosesa. Wangu haukuwa nacho. Nani anayejenga kompyuta ya kwanza maishani ana prosesa ya akiba kabatini? Kuingia kwenye soketi si kuwaka, na muuzaji wa vifaa hivi anapaswa kulijua hilo kuliko mteja wake.

Kuhusu RAM nitasema machache. Niliuziwa kijiti kimoja cha gigabaiti 16 wakati viwili vya 8 vingefanya kazi kwa chaneli mbili na kuipa prosesa data kwa upana maradufu. Na kasi ya 3200 iliyoandikwa juu yake haipatikani mpaka uingie kwenye BIOS na kuwasha XMP, mpangilio wa kasi ulioandaliwa tayari. Bila hivyo changu kilikuwa kinatembea kwa 2400. Hiyo ni dakika moja ya kazi, ila haikuandikwa kwenye kifungashio.

Baada ya watengenezaji na wauzaji, lawama yangu inayofuata ni kwetu sisi wenyewe tunaoshauriana mitandaoni. Mgeni anakuja na kiasi alichonacho, amekitaja waziwazi, na jibu la kwanza analopata ni "ongeza kidogo uchukue ile nyingine". Akiongeza kidogo kwenye kadi, anaambiwa sasa pawa saplai haitoshi, aongeze kidogo. Akiongeza, anaambiwa prosesa itaibana kadi, aongeze kidogo tena. Mwisho wa mazungumzo orodha imefika karibu mara mbili ya alichonacho, na yeye ama anakata tamaa, ama anabana mahali pasipobanwa, na mara nyingi mahali hapo ni pawa saplai kwa sababu haionekani kwenye gemu. Mimi ndivyo nilivyofika kwenye ile ya amperi 25. Niliongeza kwenye kadi nikapunguza kwenye umeme, na hakuna hata mmoja kati ya walionishauri aliyeniuliza laini ya volti 12 ina amperi ngapi.

Tena kuna vile vikokotoo vya mtandaoni vinavyodai kwamba prosesa fulani inaibana kadi fulani kwa asilimia kadhaa, na watu wanavileta hapa kama ushahidi. Kiasi ambacho kifaa kimoja kinakibana kingine hutegemea gemu, ubora wa picha na mipangilio uliyochagua. Prosesa ileile na kadi ileile zinaweza kubadilishana nafasi ukitoka gemu moja kwenda nyingine. Asilimia moja isiyotaja gemu haimaanishi chochote, na kumnyima mtu usingizi kwa namba hiyo ni kumwonea.

Ninachodai ni vitu vichache. Wauzaji waandike amperi za laini ya volti 12 kwenye tangazo la kila pawa saplai, aina ya kumbukumbu na idadi ya viini kwenye tangazo la kila kadi ya grafiki, na toleo la BIOS kwenye tangazo la kila ubao mama. Taarifa zote hizo wanazo. Nasi tunaoshauri tuache kutaja kadi kwa jina nusu. Ukisema "chukua 3050", sema ni ya gigabaiti ngapi. Na mtu akitaja bajeti yake, tumpangie ndani ya bajeti hiyo.

Pawa saplai nimeirudisha mara mbili. Mara zote mbili muuzaji ameichomeka kwenye kompyuta ya ofisini isiyo na kadi ya grafiki, ikawaka, akaniambia haina tatizo. Kwa hiyo naomba kila aliye na pawa saplai ya bei nafuu afungue kasha, apige picha kibandiko cha ubavuni na aiweke hapa chini pamoja na wati zilizoandikwa kwenye boksi, ili anayekuja kununua kesho asome kabla hajalipa. Yangu ni hii: boksi wati 600, volti 12 amperi 25.