Skrini ya mwanzo ambayo vitu vyake havihami: nisaidieni kuifikiria

fundi_birere (Goma)

Salamu wapendwa. Ninatengeneza simu hapa Birere, kwenye kibanda cha mbao kilichojengwa juu ya mawe ya volkano. Siku hizi kazi inayonichosha si vioo wala betri, ni watu wanaoleta simu nzima wakidhani imeharibika.

Wiki iliyopita alikuja mama mmoja muuza sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu, anayewachukua ufukweni Kituku alfajiri. Akafungua fundo la kitenge, akanipa simu: "Mwanangu, hii imekufa." Nikaiwasha, ikawaka vizuri. Nikamrudishia, nikamwambia: mama, jaribu kumpigia mtu nione. Kidole gumba kikaenda moja kwa moja chini kushoto, macho yake yakiwa kwangu, na kamera ikafunguka. Akafunga, akabonyeza palepale. Kamera tena. Usiku mjukuu wake alikuwa ameiwekea mega (bando la intaneti), simu ikajisasisha, na alama ya kupigia ikasogea nafasi mbili kuelekea kulia. Kwa siku mbili mama huyu hakuwapigia wateja wake, na sambaza hawangoji mtu.

Msiniambie tatizo ni kutojua kusoma. Nimemtazama kwa makini. Anajua simu yake kwa mahali, kama anavyoijua meza yake sokoni: mizani huku, mifuko kule, chenji chini ya kitambaa. Hata akituma pesa hasomi menyu, anahesabu: moja, halafu mbili, halafu moja. Nanyi mnaosoma, jichunguzeni: mnaposhika simu gizani, mnasoma majina au kidole kinakwenda chenyewe?

Basi nimechora. Nimechukua kifuniko cha boksi la simu, nikakata umbo la simu, nikagawa kona nne. Chini kushoto kupiga. Chini kulia tochi, maana umeme mnaujua. Juu kushoto watu wako sita, kila mmoja na picha yake. Juu kulia pesa. Katikati patupu, panaandikwa tu kilichoingia leo. Hakuna kurasa za kusukuma pembeni na hakuna kinachohama, hata simu ikisasishwa mara mia. Nimewapa wateja saba kile kifuniko, kesho yake nikawapa kingine kisicho na maandishi, nikauliza: tochi iko wapi? Wote saba waligusa kona sahihi. Awali nilikuwa nimeweka vitu vinne katikati pia, na hapo ndipo walipotea.

Maswali yangu: kitu hiki kinawezekana kwenye Android bila kuunda simu mpya? Na kwa kompyuta mngefanyaje? Sipendi kuona wazo hili linaishia kwenye kifuniko.

kodi_kadutu (Bukavu)

Kaka fundi, nimekaa na wazo lako tangu asubuhi. Kinawezekana, tena si kazi ya kutisha. Kwenye Android skrini ya mwanzo ni programu kama nyingine, tunaiita lancha. Unaandika programu inayojitangaza kuwa ya mwanzo, mwenye simu anaichagua kwenye mipangilio, basi. Mtengenezaji wa simu akisasisha lancha yake, yako haiguswi. Hilo peke yake linamponya mama wa sambaza.

Lakini kona za chini zina mtego. Tangu Android 10, mwaka 2019, simu nyingi zinaendeshwa kwa kutelezesha kidole badala ya vile vitufe vitatu. Ukitelezesha kutoka kona ya chini kuja katikati, mfumo unaidaka na kukufungulia msaidizi wa sauti. Kubonyeza kunapita salama, ila kidole chenye maji ya samaki kinateleza. Kwa hiyo ukimwekea mtu lancha, mrudishie na vitufe vitatu.

Kona ya pesa itakupa kazi zaidi. Programu inaweza kutuma msimbo wa USSD, ule wa nyota na reli unaofungua menyu ya pesa, yenyewe tangu Android 8, lakini inapata jibu moja tu, haiwezi kutembea ndani ya menyu hatua kwa hatua. Kampuni ikipanga upya menyu yake, hesabu ya "moja, mbili, moja" inavunjika, na hapo lancha haina la kufanya.

Kitu kingine: vitufe viwe vikubwa. Mwongozo wa Android unataka kila kitu cha kugusa kiwe angalau kama milimita 9. Kwa mikono ya soko mimi ningeweka mara tatu.

sekretaria_katindo (Goma)

Mimi ninachapa barua na kuprinti hapa Katindo. Kompyuta mbili, jenereta moja. Nimesoma habari ya yule mama nikaguswa, kwa sababu Windows 11 ilipotoka 2021 ilisogeza kitufe cha Démarrer, yaani cha kuanzia, katikati, nami nikabonyeza kona tupu wiki nzima hadi kijana mmoja akanionyesha namna ya kukirudisha kushoto.

Kuhusu kompyuta: mashine zetu zinaongea Kifaransa, na ile sura ya kwanza inaitwa Bureau, yaani meza ya ofisi. Ina folda na karatasi kwa sababu Xerox walipotoa kompyuta yao ya Star huko Marekani mwaka 1981 waliilenga kwa watu wa ofisi. Sawa kwao. Mimi mteja wangu hasemi "folda ya mikataba". Anasema: "Mama, ile barua ya kiwanja, nilikuja Jumanne mvua ikinyesha." Ninataka kompyuta inayonionyesha Jumanne. Siku zikae kwenye mstari mmoja, na kila kazi ilale chini ya siku yake pamoja na jina la aliyeileta. Sasa hivi nina faili kumi na nne zinazoitwa "barua".

ngambo_gisenyi

Yaya sekretaria, dada yangu, unachokitaka kiliwahi kuwapo, na kilifika hapa jirani. Rwanda ilipoleta zile kompyuta ndogo za kijani na nyeupe za OLPC (mradi wa kompyuta moja kwa kila mtoto) mashuleni, zilikuwa na mfumo uitwao Sugar. Haukumlazimisha mtoto kutengeneza folda. Ulikuwa na Jarida: kila alichofanya kinajihifadhi chenyewe, cha karibuni kiko juu. Na fundi, ule mfumo ulikuwa na vitufe vinne visivyobadilika juu ya kibodi: majirani, kikundi, nyumbani, kazi unayoifanya. Kidole kinajifunza mara moja.

Ila kona ziheshimu. Windows 8, mwaka 2012, iliondoa kitufe cha kuanzia na kuficha mambo kwenye kona bila alama yoyote. Watu walilalamika sana, na mwaka uliofuata kitufe kikarudi. Kona yako iwe na mchoro unaoonekana hata juani.

mkaazi_ndosho (Goma)

Fundi, wazo ni zuri, lakini zile picha sita zinaniogopesha. Katika mji wetu simu inachukuliwa mkononi, wakati mwingine na mtu anayetaka kujua wewe ni wa nani. Skrini yako ya kwanza itamwambia kila kitu: huyu mama yake, huyu mume, huyu ndiye anayemtumia pesa. Na kona ya pesa isionyeshe salio hata kidogo.

fundi_birere (Goma)

Mkaazi, umenigusa. Sikuliona hilo, na nilipaswa kuliona, maana simu zilizonyang'anywa zinapita mikononi mwa mafundi. Leo nilimuuliza yule yule mama: tukiondoa sura, utawatambuaje watu wako? Hakufikiria hata kidogo. Binti yake aliye Sake ni kabichi. Mteja wake mkubwa ni sufuria. Kaka yake anayesukuma chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, ni chukudu. Kwa hiyo picha ninaziondoa, naweka michoro ambayo mwenye simu anaichagua mwenyewe. Mtu mwingine akiiona, anaona kabichi. Salio nalo halitaonekana.

Yaya, Jumanne yako nitaichora kwenye kifuniko kingine, nitakuletea Katindo Jumamosi uijaribu na wateja wako.

Kodi, kama uko tayari, anza na kona tatu bila ile ya pesa. Ukimaliza, usinitumie kwa mega, mpe mtu anayepanda boti ya usiku, nitaichukua bandarini asubuhi. Simu ya majaribio ninayo. Kioo chake kimekufa kona ya juu kulia, kwa hiyo kwa sasa kona ya pesa isingefanya kazi hata hivyo.