Moyo unaruka-ruka usiku, ninunue vidonge vya magnesiamu?

Bi Mdogo wa Kibada: Wakuu habari. Binti, miaka 28, sina presha wala sukari. Wiki ya pili sasa, nikilala ubavu wa kushoto moyo unadunda mbiombio, unanyamaza, halafu unapiga moja kubwa kama mtu anagonga geti. Alfajiri vigimbi vinakaza hadi naruka kitandani. Jirani kasema nimepungukiwa madini. Kopo la magnesiamu ni elfu 45. Ninunue?

Kobe Mpole: Hayo ni mapenzi. Kopo haliwezi.

Mama Wawili: Pole mdogo wangu. Mimba ya pili moyo ulinienda mbio hivyohivyo, kumbe damu ilishuka hadi 7. Nyie wa siku hizi mnashindia chipsi. Mtoto mwenyewe sasa yuko la nne, hesabu anazila balaa.

Mzee wa Dozi: Unatumia dawa gani? Na maji unakunywa kiasi gani?

Bi Mdogo wa Kibada: Situmii dawa. Maji kawaida tu.

Mzee wa Dozi: Hata za kupunguza mwili?

Bi Mdogo wa Kibada: Hizo si dawa za ugonjwa jamani. Ni furosemidi ya 40, asubuhi kimoja, jioni kimoja. Dada wa duka la dawa alisema zinatoa maji tu. Sendofu ni Jumamosi ijayo, gauni limeshashonwa, zipu inagoma mbavuni. Nimeshatoa kilo 4, siwezi kurudi nyuma. Maji nimepunguza nisivimbe.

Mzee wa Dozi: Umetoa mkojo, mafuta yako palepale. Hayo maji yanatoka na potasiamu na magnesiamu, na moyo bila potasiamu ya kutosha haushiki mpangilio. Kawaida ya potasiamu kwenye damu ni 3.5 hadi 5.0. Ikishuka sana mtu anaanguka. Acha vidonge, leo hii nenda kapime potasiamu na ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo. Kopo lako ni kutia maji kwenye pakacha.

Bwana Madafu: Madafu mawili, ndizi tatu, kwisha habari. Nipo Kigamboni, naleta.

Mzee wa Dozi: Na figo zikiwa na shida? Potasiamu ikizidi nayo inasimamisha moyo. Apime kwanza.

Jicho la Tatu: Ngojeni kwanza. Huyu Januari alikuwa dereva wa lori, kakwama Tunduma, anaomba ushauri wa kuoa mke wa pili. Leo bibi harusi! Sasa hivi inatupiwa namba ya muuza magnesiamu.

Kobe Mpole: Kumbe mke wa pili ndiye yeye 😂

Bi Mdogo wa Kibada: Akaunti ni ya kaka. Simuuzii mtu kitu.

Mama Wawili: Ehe, kaka alioa?

Jicho la Tatu: Weka picha ya gauni.

Mzee wa Dozi: Awe dereva, awe bibi harusi. Leo umemeza?

Bi Mdogo wa Kibada: Cha asubuhi. Cha jioni nimekishika hapa. Eti fundi akiongeza kitambaa ubavuni, mshono utaonekana?