Tour de France ya wanawake 2026: siku tisa hazitoshi, na tumechoka kuambiwa tushukuru

Ndugu wanajamvi,

Nafungua uzi huu nikiwa na hasira na sitaificha. Tarehe 1 Agosti 2026 Tour de France Femmes, yaani Tour ya baiskeli ya wanawake, itaanzia Lausanne, Uswisi, na tarehe 9 Agosti itakuwa imekwisha kule Nice. Kila nikiipitia ramani ya mwaka huu naona mbio nzuri mno, zinazokatwa pale pale zinapoanza kunoga. Ni hatua 9, kila hatua ikiwa mbio za siku moja, na kilomita 1,175. Wanaume watakuwa wametangulia mwezi Julai kutoka Barcelona, wakiwa na hatua 21 na kilomita 3,333. Sidai kwamba hesabu hizi mbili lazima zilingane mara moja. Ninacholalamikia ni kwamba tangu mbio hizi zifufuliwe mwaka 2022 zikiwa na hatua 8, zimeongezewa hatua moja tu, nayo ilikuja mwaka 2025, na sasa tunatarajiwa kuridhika.

Nianze na haki ya waliochora ramani, kwa sababu kazi yao ni nzuri. Siku tatu za mwanzo zinazunguka Lausanne, zinatoka Aigle hadi Geneva, kisha zinavuka kuingia Ufaransa hadi Poligny. Siku ya nne kuna mbio za mtu mmoja mmoja dhidi ya saa, kilomita 21 kutoka Gevrey-Chambertin hadi Dijon, na hapo ndipo wapandaji wepesi wa mwili watakapoanza kuhesabu hasara. Halafu, Ijumaa tarehe 7 Agosti, kuna Mont Ventoux.

Asiyeujua mlima huo aelewe kwa nini tunausubiri hivi. Kupanda kutokea Bédoin ni kilomita 15.7 zenye mwinuko wa wastani wa karibu asilimia 9. Sehemu kubwa ya mateso iko msituni, ambako barabara inapanda bila kumpa mtu pumzi na hewa haitembei. Ukifika Chalet Reynard, kilomita sita hivi kabla ya kilele, miti inakwisha ghafla na mbele yako kunabaki mawe meupe, mnara kule juu na upepo usio na cha kuuzuia. Mwenye wasaidizi anaweza kujificha nyuma ya migongo yao huko chini, lakini akifika kwenye mawe yale atabaki na miguu yake mwenyewe. Pauline Ferrand-Prévot, aliyeshinda mwaka 2025 kwa kuwaacha wenzake kwenye mlima wa Col de la Madeleine kisha akarudia kesho yake kule Châtel, ndiye kipimo cha wote. Demi Vollering alishinda mwaka 2023 na akawa wa pili mwaka 2022, 2024 na 2025, na sidhani kama kuna mtu katika mchezo huu anayeutaka ushindi mwingine kuliko yeye. Kasia Niewiadoma hajawahi kukosa kuwa miongoni mwa watatu bora tangu 2022. Na wapo pia wa aina ya Kim Le Court wa Mauritius, ambaye mwaka 2025 alikuwa Mwafrika wa kwanza kuvaa jezi ya njano, ile ya anayeongoza, katika mbio hizi, akashinda na hatua juu yake. Ventoux huenda si mlima wake, lakini zile hatua za vilima kabla yake ni zake kabisa.

Sasa niulize: baada ya Ventoux kinafuata nini? Siku mbili. Kuna kilomita 175 kutoka Sisteron hadi Nice, kisha kilomita 99 za kuzunguka Nice na kuurudia mlima wa Col d'Èze, basi. Hakuna mlima mwingine wa kumalizikia kileleni. Mwanamke atakayepata tatizo la tumbo, tairi au baridi katika saa ile moja juu ya Ventoux atakuwa amebakiwa na nafasi finyu mno ya kurekebisha mambo, na hicho ndicho kiini cha lalamiko langu. Mbio za wiki tatu hupima jambo ambalo mbio za siku tisa haziwezi kulipima: ni nani mwili wake unarudi usiku, ni nani anaamka siku ya kumi na sita akiwa bado na nguvu wakati mpinzani wake aliyemtesa siku ya sita amekwisha. Hatujui ni yupi kati ya wanawake wa kizazi hiki mwenye uwezo huo, kwa sababu hakuna aliyewahi kuwapa nafasi ya kuuonyesha.

Kumbukeni mwaka 2024. Katika hatua ya tano, iliyomalizikia Amnéville, Vollering akiwa ndani ya jezi ya njano alianguka zikiwa zimebaki kilomita kama sita. Alipoteza dakika 1 na sekunde 47 kwa wale waliofika mbele, Niewiadoma akiwa mmoja wao. Siku tatu baadaye aliwaacha wenzake kwenye mlima wa Col du Glandon, akashinda hatua ya mwisho juu ya Alpe d'Huez, na Niewiadoma akavuka mstari dakika 1 na sekunde 1 nyuma yake. Hata baada ya kuhesabu sekunde kumi ambazo mshindi wa hatua hupunguziwa kwenye muda wake, Niewiadoma alitwaa Tour kwa sekunde 4. Alistahili, wala sitaki mtu aje hapa kusema kwamba namvua taji lake. Alipanda ule mlima wa mwisho akiwa na hofu yote ya dunia, na hakuvunjika. Lakini mbio ambazo kona moja inaweza kuamua kila kitu, kwa kuwa siku za milima zilizobaki zinahesabika kwa vidole vya mkono mmoja, zinawanyima wote wawili pambano refu walilostahili.

Kuna wanaotuambia kwamba mbio zikuzwe taratibu, kwa sababu zile za zamani zilikufa. Hoja hiyo naiheshimu kwa kiasi, ila ina sehemu isiyotajwa. Mwaka 1984 Marianne Martin wa Marekani alishinda Tour ya wanawake iliyokuwa na hatua 18. Kumi na nane, zaidi ya miaka arobaini iliyopita! Giro ya wanawake, yaani mbio za Italia, nayo ilikuwa na hatua 10 kwa miaka mingi, bila televisheni ya maana na bila fedha. Kwa hiyo mtu asije kutuambia kwamba miili ya wanawake inahitaji kuzoeshwa polepole. Mwaka 2022 hatua ya kilomita 175.6 kwenda Saint-Dié-des-Vosges ilihitaji ruhusa maalumu kwa kuwa ilivuka kikomo cha kanuni za UCI, shirikisho la kimataifa la baiskeli, kwa wanawake, na waliikimbia kama wanavyokimbia hatua nyingine yoyote. Mwezi Septemba 2025 mjini Kigali walikimbia kilomita 164.6 za mashindano ya dunia, juu chini kwenye vilima vile, na Magdeleine Vallieres wa Kanada akawashinda vigogo waliokuwa wakitazamana. Wanaochelewa ni waandaaji na wasimamizi wa mchezo.

Kuhusu fedha nitasema kwa ufupi. Mshindi wa mwaka 2022 alizawadiwa euro 50,000, wakati wa kiume hupata euro 500,000. Najua timu za wanawake ni ndogo, na najua kwamba kuongeza wiki nzima kunahitaji waendeshaji zaidi, mafundi zaidi na magari zaidi. Hilo ni tatizo la kweli. Lakini hakuna timu itakayoajiri watu wa mbio za wiki mbili ambazo hazipo kwenye kalenda. Lazima aliye na uwezo mkubwa zaidi aanze, na mwandaaji wa Tour ya wanaume na ya wanawake ni mmoja.

Mwaka 2027 Tour ya wanawake itaanzia Leeds, Uingereza. Ramani kamili itakapotangazwa, nitatafuta mambo matatu kabla ya kusoma lolote jingine: siku zisizopungua 14, angalau hatua mbili zinazomalizikia kwenye vilele vya milima mikubwa zikiwa zimetengana kwa siku kadhaa, na mbio dhidi ya saa zinazozidi kilomita 30. Likikosekana la kwanza, nitarudi hapa hapa kuuendeleza uzi huu, na nawaomba wote wanaoamka mapema Agosti hii kuitazama Ventoux waanze kuwaandikia waandaaji sasa, kabla ramani hiyo haijachorwa.