Bendi inataka kuhamia progresivu na mimi kazi yangu ni kunguruma. Nifanyeje?

SautiYaPango
Wadau, naomba ushauri, bila matusi.

Tuko wanne, tunapiga muziki wa metali hapa Nairobi mwaka wa 4 sasa. Mimi ndiye mwimbaji, ingawa kuimba ni neno kubwa: nanguruma. Mwezi uliopita mpiga besi alikuja mazoezini na Heritage, albamu ya Opeth, bendi ya metali ya Sweden, kwenye simu, akatuchezea yote, karibu saa nzima. Tangu siku hiyo haambiliki. Ameazima kinanda cha kanisani kwao, anataka progresivu, yaani nyimbo za dakika 9, filimbi katikati, na sauti safi mwanzo mwisho. Mpiga ngoma keshakubali. Mpiga gitaa anasema "vyovyote tu", na kwake hiyo ni ndiyo.

Juzi nikaisikiliza mwenyewe kwenye matatu. Inaanza na piano tupu, nikadhani simu imeruka wimbo. Nikangoja mngurumo mpaka nikapitiliza steji yangu. Haukuja.

Niwagomee, nijitoe, au nijifunze kuimba na miaka 31 hii?

KasetiChakavu
Pole kwa steji. Ila anayeimba humo ni Mikael Åkerfeldt yuleyule aliyenguruma kwenye albamu yao ya Blackwater Park mwaka 2001. Hakuna aliyeletwa kumrithi. Wala hakubadilika usiku mmoja. Deliverance ya 2002 na Damnation ya 2003 zilirekodiwa kwa pamoja: ya kwanza nzito ya kuvunja shingo, ya pili haina mngurumo hata mmoja. Watershed ya 2008 imechanganya vyote. Heritage ni 2011. Mpiga besi wako kaingilia ghorofa ya juu, ngazi hajaziona.

GumzoZito
Mimi Heritage inanichosha, na nimeipa nafasi mara 6. The Devil's Orchard sawa. Slither, waliyomwimbia marehemu Dio, yule mwimbaji wa metali, ina mwendo. Zilizobaki naona kama watu wanajaribu vyombo dukani. Halafu Åkerfeldt ni mlevi wa santuri za miaka ya 70, bendi za kina Camel na King Crimson amezila miaka na miaka. Nyinyi mmesikia albamu moja kwenye simu. Na wenzenu walikuwa na albamu 9 kabla ya hiyo. Nyinyi mna ngapi?

SautiYaPango
Hatuna. Tuna nyimbo 4.

GumzoZito
Haya.

MzeeWaTanga
Mkuu, usijitoe kwanza. Litazame lile jalada: mti umezaa nyuso za wanabendi badala ya matunda, na uso mmoja unadondoka. Huyo ni Per Wiberg, aliyeondoka kazi ya kurekodi ilipokwisha. Alikuwa mpiga kinanda! Yaani kwenye albamu iliyojaa vinanda, aliyedondoka ni wa kinanda, si wa koo.

Na mngurumo wenyewe ulirudi 2024 kwenye The Last Will and Testament, miaka 16 baada ya Watershed. Kwa hiyo koo lako litunze.

Cha kufanya: msitunge kipya kwanza. Chukueni wimbo mmoja mlio nao, uimbe kwa sauti yako ya kuongea, chini kabisa, usijilazimishe kupanda. Rekodi kwa simu. Usisikilize usiku huohuo, sikiliza kesho yake asubuhi. Ukiona wimbo umebaki na mifupa bila kelele, zungumzeni. Usipoona kitu, tatizo ni wimbo, na kinanda hakitauokoa.

KasetiChakavu
Naunga mkono. Na mngurumo uacheni mahali pamoja, pale unapouma. Ukiusikia kila sekunde, sikio linauzoea.

SautiYaPango
Mrejesho: Jumamosi tumejaribu. Ubeti wa kwanza sauti ilitetemeka mpaka mpiga ngoma akaangusha fimbo kwa kucheka. Wa pili ukakaa. Mngurumo nimeubakiza mwishoni, mistari 2, na mpiga besi mwenyewe amesema usitolewe. Kinanda kimerudi kanisani, walikihitaji Jumapili.

Mama mwenye ploti hutugongea ukuta kila wiki. Safari hii hakugonga. Alikuja mlangoni kuuliza kama tunaumwa.