Ushauri: kituo gani cha skii kinamfaa mtu mzima asiyewahi kukanyaga theluji?

BintiChumbageni:
Wakuu, habari za jioni. Niko Tanga. Mimi na mzee wangu tuna miaka arobaini na ushee, na theluji tumeiona kwa mbali tu, kileleni Kilimanjaro, tukipita na basi la Arusha. Mwakani tunataka kwenda kujifunza kuteleza kwa skii, wiki moja, watoto tunawaacha Ngamiani kwa bibi yao. Pesa tumedunduliza, si ya kuchezea.

Tumebaki na Afriski ya Lesotho na Bansko ya Bulgaria, ila mzee kila usiku ananionyesha video za milima ya Ufaransa, natoka jasho. Yeye anataka pakubwa. Mimi nataka mahali nikianguka nisipitiwe juu. Kwa anayeanza, tofauti hasa iko wapi? Na tafadhali msinijibu "nendeni Lushoto", kaka zangu wote wameshaniambia.

MgosiWaBombo:
Nachukua siti, wajuzi waje. Ila dada, Lushoto kuna baridi kweli.

Mhamiaji77:
Dada, mwambie shemeji ukubwa wa kituo hautamsaidia kitu. Anaweza kulipia kilomita mia tatu za miteremko na wiki nzima akashinda kwenye kipande kisichozidi uwanja wa Mkwakwani. Mngekuwa mnajua tayari, hapo sawa.

Kabla ya jina, fungua ramani ya kituo utafute uwanja wa wanaoanza. Unatakiwa uwe karibu tambarare, umetengwa na njia ya wanaoshuka kasi, na uwe na mkanda wa kusimama juu yake ukakupandisha taratibu. Ukikuta wanaoanza wanavutwa kwa kijiti cha kubana katikati ya mapaja, jua siku ya kwanza utaimalizia chini. Halafu angalia ukishahitimu pale unaenda wapi. Lazima pawe na njia nyingine rahisi, ndefu, siyo kutoka tambarare moja kwa moja hadi ukuta.

Rangi za kuonyesha ugumu wa miteremko nazo zisikuchanganye. Ufaransa rahisi kabisa ni kijani, kisha bluu, nyekundu, nyeusi. Austria na Italia wanaanzia bluu. Kwa hiyo bluu ya nchi moja si lazima iwe sawa na ya nchi nyingine.

Bansko ni pazuri na hapaumizi mfuko, lakini mji uko chini, kama mita 900 na kitu, na wanaoanza wanajifunzia juu Banderishka Polyana, karibu mita 1,600. Mnapandishwa na vibanda vinavyoning'inia kwenye kamba, na asubuhi za Januari na Februari foleni yake si ya mchezo. Kwa nchi hiyohiyo mimi ningewapeleka Borovets. Ni kilomita 70 hivi kutoka Sofia, na miteremko ya kujifunzia iko karibu na hoteli. Ukichoka saa tano asubuhi unarudi kulala, hakuna wa kukuuliza.

MpwaWaPangani:
Mnamrusha dada Ulaya bure. Afriski ipo, msimu wake Juni hadi Agosti, na Afrika Kusini, mnakopitia, Mtanzania anaingia bila viza. Mteremko mkuu una urefu wa kilomita moja hivi na wanaoanza wana wao. Theluji nyingi inatengenezwa kwa mashine, kwa hiyo hata mwaka mkavu hamkosi pa kuteleza.

Kuna mambo mawili. Pako juu ya mita 3,000. Sisi tuliozoea upepo wa bahari tukipanda mara moja kichwa kinagonga, kwa hiyo laleni usiku mmoja kwanza kwenye miji ya chini njiani, Clarens au Butha-Buthe. La pili, likizo ya shule ya Afrika Kusini mwishoni mwa Juni na Julai panajaa. Nendeni Agosti mwanzoni, siku za katikati ya wiki.

Mhamiaji77:
Sibishi, ila wiki nzima pale ni ndefu. Siku ya nne utakuwa umeujua kila mkunjo wa huo mteremko.

MpwaWaPangani:
Basi wakae siku tatu, zinazobaki wale nyama choma Johannesburg. Lazima ziwe saba?

FundiViatu:
Mnazungumzia milima, hakuna aliyegusa buti. Huko ndiko watu wanakolilia. Buti za kukodi zinabana, ndivyo zilivyo. Simama wima: vidole viguse mbele kidogo. Kunja magoti, sukuma ugoko mbele: vidole virudi nyuma viachie. Kama haviachii, omba namba kubwa. Kama kisigino kinanyanyuka, omba ndogo, usiseme "nitazoea". Soksi jozi moja, ndefu, nyembamba. Ukivaa mbili zinajikunja na damu haipiti, miguu inazidi kuwa ya baridi.

Na dada, wakikuuliza uzito wako, taja wa kweli. Wanautumia kukaza kile kifaa kinachoshika buti kwenye skii, ambacho kinatakiwa kiachie ukianguka vibaya. Ukijipunguzia kilo ili mzee asisikie, skii zitakuvuka hata hujaanguka.

BintiChumbageni:
😂😂 Fundi, mzee yuko hapa pembeni anasoma. Je, Ulaya tukienda Februari? Na bima?

Mhamiaji77:
Februari hapana. Shule za Ufaransa na Uingereza zinafunga, bei inapanda na walimu wanaisha. Katikati ya Januari ni nafuu ila baridi kali. Mwanzo wa Machi siku ni ndefu na kuna jua, ingawa sehemu za chini theluji inakuwa uji mchana.

Bulgaria imeingia kikamilifu Schengen, zile nchi za Ulaya zenye viza moja, Januari 1, 2025, kwa hiyo viza ni hiyohiyo ya Ufaransa, yuro 90 kwa mtu mzima, na bima ya kuanzia yuro 30,000. Soma karatasi ya bima yote. Nyingi za kawaida hazihusishi skii mpaka uongeze, na mkivunjika mguu mlimani bila hiyo, mtauza kiwanja.

Na mlipie masomo ya kikundi, asubuhi tu. Shemeji asikufundishe wewe, na wewe usimfundishe yeye. Ndoa bado tunaihitaji.

BiSalama_Dxb:
Kama mnapita Dubai, jaribuni Ski Dubai kwanza. Iko ndani ya jengo la maduka tangu 2005, mteremko mrefu kuliko yote ni mita 400, na nguo mnapewa. Asiyejua haruhusiwi kupanda bila somo, kwa hiyo hamna wa kuwapitia juu. Mkiona hamuipendi, mmeokoa hela za milima.

BintiChumbageni:
Nimewaelewa. Tumekubaliana Afriski, Agosti, siku nne. Mzee kanuna ila kakubali, Borovets tumeiweka kwa mwaka mwingine kama magoti yatakuwepo. MpwaWaPangani, tukikodi gari Johannesburg wanaruhusu kuvuka nalo Lesotho?

MpwaWaPangani:
Wanaruhusu, ila uwaambie unapoweka oda, siyo siku ya kuchukua. Wanakupa barua ya kuvukia mpaka, bila hiyo mtarudishwa pale Caledonspoort. Kodini lenye tairi nzuri na lililoinuka, kile kipande cha Moteng kinapanda kwelikweli na asubuhi kinaweza kuwa na barafu. Msiendeshe usiku.