Video ya sendoff: aliyesimama yuko safi, anayecheza anavuta mkia

KijanaWaNgamiani
Habari wakuu. Niko Tanga, napiga video za sherehe, huu mwaka wa pili. Jumamosi nilikuwa na sendoff, ukumbi una mwanga hafifu na zile taa za DJ zinazozunguka. Hotuba zimetoka safi kabisa: mama mkubwa wa bibi harusi kasimama na maiki, unaweza kuhesabu shanga za hereni zake. Balaa limeanza wakati wa kutunza. Watu wanakuja kwa mstari na khanga zao, kila mkono una mkia, bibi harusi akigeuka uso unakuwa uji. Keki iliyo nyuma yake, maandishi yanasomeka!

Lenzi ni ile ya 16-50 iliyokuja na kamera, nilikuwa nimevuta hadi mwisho. Fremu 25 kwa sekunde, kamera kwenye M (kila kitu naweka mwenyewe), ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, nimeifunga 1600 maana niliambiwa ikipanda zaidi video inakuwa na chenga, vile vidoti vidoti. Mwanga niliuona umekaa vizuri, sikugusa tena kitu. Kwenye kioo cha kamera kila kitu kilikuwa poa, nimekuja kushtuka saa nane usiku kwenye laptopu. Je, lenzi imekufa? Kuna programu ya kuisafisha? Mama wa bibi harusi anaitaka Ijumaa, na advansi nimeshaila. Natanguliza shukrani.

Pilau_Njegere
Mkuu futa lenzi. Mimi iliwahi kunitokea, kumbe ni mafuta ya kuku.

KijanaWaNgamiani
Nimefuta mpaka imechoka. Ingekuwa mafuta, na mama mkubwa angekuwa na ukungu.

BiStendi
Mdogo wangu, lenzi yako nzima. Ila hiyo keki isikudanganye, kwa sababu fokasi ikimkimbia bibi harusi ikaangukia nyuma, keki nayo itakuwa kali vilevile. Tazama umbo la ukungu. Wa fokasi ni wa duara, unatanda pande zote, na mtu akisimama bado hasomeki. Wa kwako una mkia, unafuata mkono ulikokwenda.

Fanya hivi: fungua video kwa VLC, nenda pale wanapocheza, isimamishe, halafu bonyeza herufi E mojamoja. Kila ukibonyeza inasogea fremu moja. Niambie unaona nini.

KijanaWaNgamiani
Dada, nabonyeza haitikisiki. Nabonyeza tena, ileile. Ya tatu au ya nne ndiyo inaruka.

BiStendi
Basi shata yako, yaani muda ambao kila picha inapokea mwanga, ilikuwa kama 1/8 ya sekunde. Kamera inatakiwa itoe picha 25 kwa sekunde, wewe umeiruhusu ipige 8 tu, kwa hiyo kila picha inarudiwa mara tatu hivi ili hesabu itimie. Na ndani ya ile sehemu ya nane ya sekunde mkono wa mtu anayecheza umeshatoka kifuani umefika kichwani, wote umeingia kwenye picha moja. Aliyesimama haimdhuru, ndiyo maana hotuba ni safi.

Kwa fremu 25 weka 1/50. Umeme wetu ni hezi 50, taa nyingi zinapepesa mara 100 kwa sekunde, na 1/50 inameza mipepeso miwili kamili. Ukiweka 1/60 unaweza kuona mistari ya giza ikipanda kwenye ukuta.

Sasa hapo lazima ulipe. Kutoka 1/8 kwenda 1/50 mwanga unapungua mara sita, na lenzi yako ukiivuta mwisho tundu lake liko f/5.6 (namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa na mwanga unaingia mwingi). Ukitaka kufidia kwa ISO peke yake utafika 10,000, chenga tupu. Azima lenzi ya 50 ya f/1.8. Inaingiza mwanga mara tisa na zaidi kuliko hiyo, ISO 1600 yako ileile inatosha na chenji inabaki. Ila usimsogelee sana, utapata pua kali na sikio lenye ukungu. Na hofu ya chenga ipunguze kidogo. Chenga programu inazipunguza, mkia hakuna wa kuukata.

Kwa hiyo ya Jumamosi, usijaribu kuinoa wala kuipunguza mwendo, utazidisha. Chagua pale walipotulia, kukumbatiana, kucheka. Pengo lijazie na video za simu za wageni.

Pilau_Njegere
Kumbe na mimi hayakuwa mafuta 😂

KijanaWaNgamiani
Nimekumbuka! Kabla wageni hawajaingia, mpambaji aliniomba nimpigie picha za jukwaa. Nikaweka kamera kwenye stendi, 1/8, zikatoka tamu. MC akaita, nikabonyeza kitufe chekundu bila kurudisha kitu.

Leo nimemchezesha mdogo wangu sebuleni chini ya taa moja. Kwa 1/8 ana mikono sita. Kwa 1/50 ana miwili, ila giza. Lenzi ya 50 nimeahidiwa kuazimwa kesho.

Nimepata vipande vya simu kwa mashangazi wawili. Kimoja kimepigwa kwa wima, sijui nitakifanyaje, lakini bibi harusi anaonekana akicheka. Mama mtu nimempigia nikamwambia ukweli. Akanyamaza, nikajua advansi inarudi. Kisha akauliza, yeye akitunza anaonekana? Anaonekana, mama. Kwenye kile cha wima.